Mche Mchanga na Jua Kali

(Haya ni maneno ya hotuba kwa wakulima wa mboga wa Gatongora, upande wa Ruiru, na majirani zao mpaka Juja na Thika. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)



Leo nataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo sana, yaani mche wa mboga wenye majani mawili tu na kimo kisichozidi kidole. Huenda mtu akauliza, Je, kitu kidogo hivi chastahili hotuba nzima? Nami namjibu kwamba fedha nyingi za mkulima wa mboga hupotea katika kitu hicho, tena hupotea kabla hajachuma hata jani moja.

Ninyi mnaokaa Gatongora mwaijua vizuri miezi ya Januari, Februari na mwanzo wa Machi. Mvua za vuli zimekwisha, masika hayajafika, na jua ni kali. Wakati huo mboga za majani huadimika katika masoko ya Ruiru, Githurai na Thika, na bei hupanda. Mtu mwenye mboga siku hizo hushukuru. Tena mtu atakaye miche iliyo tayari mvua ya masika inapoanza kunyesha hana budi kupanda mbegu zake kitaluni majuma manne au sita kabla, yaani katika jua lile lile. Basi mkulima hununua mbegu, hununua na maji kwa mtungi ikiwa mfereji umekauka, hupanda, na baada ya siku chache huona kitalu kimekuwa cha kijani. Hufurahi. Kisha, baada ya mchana mmoja wa jua, hukuta nusu ya miche imelala chini. Husema, "Mbegu hizi zilikuwa mbovu." Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi mbegu hazina kosa. Kosa ni la joto, na dawa yake ni malezi.

JAMAA MOJA

Kwanza tuijue jamaa ya mimea tunayoisema. Sukuma wiki, kabichi, koliflawa na haradali ni watu wa ukoo mmoja. Neno haradali limetujia kutoka Kiarabu, na wengi walijua kwanza kwa habari za mbegu yake ndogo katika Injili. Katika ukoo huo kuna haradali ya Kihabeshi, ambayo watu wa magharibi ya Kenya huiita kanzira, na watu wa Arusha huiita loshuu. Majani yake huliwa kama sukuma wiki, nayo huwahi kuchumwa.

Mwaka 1935 mtaalamu mmoja aliyezaliwa Tokyo, ambaye baba yake alikuwa Mkorea, Woo Jang-choon kwa jina, na ambaye Wajapani humwita U Nagaharu, aliandika jinsi mimea hii inavyohusiana. Ndani ya kila chembe ya mmea mna vijiti vidogo sana vya urithi, viitwavyo kromosomu, navyo hukaa jozi jozi. Haradali nyeusi ina jozi 8. Kabichi na sukuma wiki zina jozi 9. Kanzira ina jozi 17. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule aiweza: 8 na 9 ni 17. Kanzira ni mtoto wa haradali nyeusi na jamaa ya kabichi, walioungana zamani sana pasipo mkono wa mtu.

Nayaeleza haya kwa sababu yanatusaidia kazini. Ukoo huu, kwa jumla, hupenda ubaridi. Kabichi na sukuma wiki husitawi zaidi hewa ikiwa na joto la nyuzi 15 mpaka 20 za Sentigredi. Kanzira, iliyotoka katika nchi za juu za Uhabeshi, huvumilia joto na ukavu kuliko sukuma wiki. Lakini yote, hata hiyo kanzira, ni dhaifu katika majuma ya kwanza ya maisha yake.

JOTO HUFANYA NINI

Mwaujua mtungi wa udongo. Ukitiwa maji na kuwekwa penye upepo, hutoa jasho kwa nje, na kwa sababu ya jasho hilo maji ya ndani hupoa. Jani la mmea hufanya vivyo hivyo. Lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji hutoka humo kama mvuke na kulipoza jani. Mmea mkubwa una mizizi iliyokwenda chini, hupata maji ya kutolea jasho mchana kutwa. Mche mchanga una mzizi mmoja mfupi, uliomo katika udongo wa juu ambao ndio wa kwanza kukauka. Maji yakikosekana, vitundu hufungwa, jasho hukoma, na jani huanza kupata moto.

Tena liko jambo lililo baya zaidi. Watu husikia redioni kwamba joto la leo ni nyuzi 28, wakadhani kwamba hilo ndilo joto linaloupata mche. Sivyo. Joto hilo hupimwa kivulini, juu kidogo kuliko kiuno cha mtu. Mche hauishi huko. Unaishi chini, na shingo yake imegusa udongo. Udongo mkavu ulio wazi katika jua la saa nane za mchana waweza kupita nyuzi 50, na hali hewa ya juu haijafika 30. Udongo mweusi, kama ule wa upande wa Juja, hulinywa jua kuliko udongo mwingine, na udongo wetu mwekundu ukikauka nao huwaka. Mche una shingo nyembamba kama kijiti cha kiberiti, umesimama katika kikaango.

Ndani ya shingo hiyo yako mambo mawili. La kwanza, ngozi nyembamba inayozunguka kila chembe huregea, na chumvi na maji ya ndani huvuja. La pili, protini za mmea huharibika. Mtazameni mpishi akitia yai katika maji ya moto: ute uliokuwa kama maji hugeuka mweupe na mgumu, wala haurudi tena kuwa kama kwanza. Protini za mche zikizidiwa na joto hupatikana na msiba wa namna hiyo.

TOFAUTISHENI ADUI

Kabla ya kununua dawa, inama utazame shingo ya mche ulioanguka. Ukikuta imekatwa kama kwa mkasi, na jambo hilo limetokea usiku, adui ni funza mkataji. Chimba kidogo karibu na hapo, utamkuta amejikunja. Ukikuta shingo imekuwa ya majimaji na nyeusi nyeusi, na miche inakufa kwa mafungu katika kitalu kilichosongamana na kulowa, huo ni ugonjwa wa kuvu unaoozesha mashina. Lakini ukikuta shingo imesinyaa, imekauka na kuwa nyembamba kama uzi pale pale inapogusa udongo, na ardhi ni kavu, na mche ulikuwa mzima asubuhi, hilo ni joto. Kila adui ana silaha yake. Mtu anyunyizaye dawa ya wadudu juu ya mche uliochomwa na udongo anatupa fedha zake, na mtu aongezaye maji juu ya mche unaooza anauzidishia ugonjwa nguvu.

MCHE HUWEZA KUFUNDISHWA

Sasa nawaambia habari njema. Mmea si kama jiwe, lisilo na la kufanya ila kungoja kupasuka. Mwaka 1962 mtaalamu wa Italia, Ferruccio Ritossa, alitangaza jambo aliloliona katika vijidudu vidogo vya matunda alivyokuwa akivifuga kwa uchunguzi. Mwenziwe alikuwa ameongeza joto la sanduku la kuvitunzia bila yeye kujua. Ritossa alipotazama chembe zao kwa hadubini, aliona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, kana kwamba zimeitwa kazini ghafula. Baadaye ilijulikana kwamba kiumbe akipatwa na joto hutengeneza protini za namna ya pekee, ambazo kazi yake ni kuzishika protini nyingine zisigande wala zisishikamane. Ni kama walinzi wanaoamka kengele inapolia. Walinzi hao wamo katika watu, katika wanyama, na katika mimea pia.

Lakini walinzi wahitaji muda wa kuamka. Mche uliokuwa katika kivuli kizito ukatolewa kwa ghafula juani hufa kabla hawajasimama. Mche uliopata kwanza joto la kadiri kwa saa chache, kisha ukapumzishwa, huweza kulivumilia joto ambalo lingemwua ndugu yake asiyezoeshwa. Wataalamu wamelijaribu jambo hili mara nyingi katika mimea ya aina nyingi. Tena wameona kwamba mafunzo hayo hayadumu sana. Mche ukikaa siku kadhaa bila joto, husahau. Kwa hiyo mafunzo yapasa kuwa karibu na siku ya kuuhamisha. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mche ni vivyo hivyo: usimtupe mtoto jangwani, wala usimdekeze gizani.

TAABU HII SI YETU PEKE YETU

Wakulima wa Bara Hindi, katika nchi za Rajasthan na Haryana, hupanda haradali kwa mamilioni ya ekari ili kukamua mafuta. Wao wamo katika shida inayofanana na yenu. Mvua zao za kiangazi zikiisha, ardhi hubaki na unyevu. Mkulima akipanda mapema, Septemba au mwanzo wa Oktoba, hupata unyevu, lakini udongo ungali wa moto na miche hufa. Akingoja ubaridi, unyevu umekwenda zake, na haradali yake hukutwa na joto tena mwishoni, wakati wa kujaza mbegu.

Kwa ajili ya zao hilo serikali ya nchi hiyo ina kituo cha uchunguzi mjini Bharatpur. Wachunguzi wa haradali hawatafuti tu mmea wenye mbegu nyingi, bali hutafuta ule ambao mche wake haufi. Njia zao za kupima si za kiini macho. Huhesabu miche iliyoota, kisha huhesabu tena iliyobaki hai baada ya siku za joto. Vile vile hukata vipande vya jani, huvitia katika maji safi, huvipasha moto, kisha hupima kwa chombo cha umeme ni chumvi kiasi gani iliyovuja. Jani linalovujisha chumvi kidogo ndilo lenye ngozi imara. Wameona kwamba aina moja hupita nyingine kwa mbali, ingawa kwa macho zafanana.

KAZI YENYEWE

Basi sisi tufanye nini? Nitaeleza kwa utaratibu.

Kwanza, chagueni mahali. Kitalu kipate jua la asubuhi, na kikingwe na jua la alasiri, kwa maana alasiri udongo umekwisha kupata moto tangu mchana. Msikiweke mbele ya ukuta wa mabati au wa mawe unaoelekea magharibi, kwani ukuta huo huurudisha moto juu ya miche. Neno hili ni la maana kwenu hasa, maana mashamba mengi ya kahawa ya upande huu yamekatwa viwanja, na wengi sasa hulima kipande kidogo kati ya nyumba na nyumba.

Pili, tengenezeni udongo. Tieni samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi hutoa joto lake yenyewe, na joto lililopo latosha. Pandeni mbegu katika mistari, kina cha sentimita moja hivi, wala msizimwage kwa wingi zikasongamana.

Tatu, funikeni kwa nyasi kavu mpaka mbegu ziote. Siku mnapoona vichwa vinatokeza, ziondoeni nyasi zilizo juu ya miche jioni ile ile, lakini mziache zile za kati ya mistari. Nyasi hizo za kati ndizo zinazouzuia udongo usiwe kikaango. Mtu akichelewa kuondoa zile za juu, miche hurefuka na kuwa myeupe na dhaifu kama mtu aliyetoka kifungoni.

Nne, jengeni kivuli chepesi. Simamisheni vijiti, mtandaze juu yake nyasi chache, makuti ya migomba au wavu wa kivuli, kadiri ya mita moja kutoka chini ili upepo upite. Kivuli kizuri ni kile kinachopitisha karibu nusu ya mwanga. Kivuli kama cha ndani ya ghala ni adui mwingine.

Tano, nyunyizeni maji asubuhi na mapema, na mkiona udongo umekauka sana, tena kidogo jioni. Mpira wa maji uliolala juani una maji ya moto ndani yake. Yajaribuni kwa mkono kwanza, na yale ya mwanzo myamwage pengine.

Sita, izoesheni miche. Hili ndilo wengi huliacha, nalo ndilo kubwa. Katika siku 7 mpaka 10 za mwisho kabla ya kuhamisha, ondoeni kivuli kidogo kidogo. Siku za kwanza miche iwe wazi mpaka saa tatu asubuhi, ifunikwe, kisha ifunuliwe tena saa kumi alasiri. Siku zinazofuata iwe wazi mpaka saa tano. Siku za mwisho ikae wazi mchana kutwa. Maji nayo yapunguzwe kidogo, lakini si mpaka miche inyauke.

Saba, hamisheni jioni, au siku ya mawingu. Nyunyizieni kitalu maji kabla ya kung'oa ili mizizi itoke na udongo wake. Wekeni matandazo ya nyasi kavu kuzunguka kila mche, lakini yasiiguse shingo yake, yasije yakaleta kuoza.

KUCHAGUA MBEGU

Wako watakaoniuliza, Je, tuache sukuma wiki, tupande kanzira? Sisemi hivyo. Sukuma wiki ina soko lake, na ukiitunza huchumwa kwa miezi mingi. Kanzira huwahi, na huvumilia, lakini joto likizidi huharakisha kutoa maua, na majani huwa machache. Kila moja ina faida yake na hasara yake.

Ninachoshauri ni kujaribu. Chukueni mbegu 100 za aina moja na mbegu 100 za aina nyingine, mzipande siku moja, kitalu kimoja, malezi yale yale. Hesabuni zilizoota. Siku ya 21 hesabuni miche iliyosimama. Andikeni katika daftari. Hiyo ndiyo kazi ya wale wachunguzi wa haradali, nayo haihitaji chombo chochote ila macho na kalamu. Na mkiona mimea ya kanzira iliyoshinda jua vizuri, iacheni michache izae mbegu kwa kupanda wenyewe mwaka ujao. Kanzira kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, kwa hiyo watoto hufanana na mama. Kwa sukuma wiki njia hiyo ni ngumu, kwa sababu huhitaji ubaridi wa kutosha ili itoe maua, na huchanganyika kwa urahisi na jamaa zake. Mbegu zake ni afadhali kuzinunua penye duka la kuaminika, na kutazama tarehe iliyoandikwa juu ya pakiti.

Wenye maswali wana bahati ya kuwa karibu na wenye elimu. Thika kuna kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha KALRO, na Juja kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Si vibaya mkulima kwenda na mche wake uliokufa mkononi na kuuliza umekufa kwa nini.

NENO LA MWISHO

Sitaki kuwadanganya kwamba malezi haya hayana gharama. Kivuli kina gharama, na maji yana gharama zaidi. Mtu asiye na maji ya uhakika, afadhali angoje mvua kuliko kuzika fedha zake ardhini mwezi wa Februari. Lakini mwenye maji, hata kidogo, ayatumie katika kitalu chenye upana wa kitanda, si katika shamba zima. Juu ya kitanda hicho mitungi michache yaweza kulea miche mingi.

Wala tusitazamie kwamba jua litatuhurumia. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kupita yote iliyopimwa duniani, na wastani wake ulipita ule wa zamani, kabla ya viwanda kuenea, kwa zaidi ya nyuzi moja na nusu. Kiasi hicho chaonekana kidogo kwa mtu mzima aliyekaa barazani. Kwa mche ulio na siku tano si kidogo.

Basi nawaombeni jambo moja jepesi. Kesho, saa nane za mchana, nenda kwenye kitalu chako ukaweke kiganja chako juu ya udongo ulio wazi. Hesabu polepole mpaka kumi. Ikiwa mkono wako, wenye ngozi ya jembe, hauwezi kuvumilia, tafuta nyasi kavu jioni hiyo hiyo.